Sweta ya Matundu

Neno sweta likitajwa mbele ya Mkenya, fikira yake hukimbilia baridi. Huona asubuhi ya mwezi wa Julai huko Limuru au Nyandarua, ukungu umelala juu ya mashamba, na watoto wa shule wamejikunyata ndani ya sufu nzito yenye rangi ya shule yao. Kwa hiyo nikikuambia, msomaji, kwamba nakusudia kuandika juu ya sweta ya kiangazi, tena sweta iliyojaa matundu tangu mabegani hadi kiunoni, yamkini utadhani ninakufanyia mzaha. Nguo ya baridi katika majira ya joto! Na kama ni ya kuzuia baridi, matundu ni ya nini?

Maswali hayo ni ya haki, na majibu yake yamo katika jambo moja ambalo watu hulivaa kila siku bila ya kulifikiri. Sufu haina moto ndani yake. Weka kipimajoto ndani ya sweta iliyokunjwa sandukuni, nacho hakitaonyesha joto lolote kupita lile la sanduku lenyewe. Joto ni la mwili wa mvaaji; kazi ya sweta ni kushika hewa baina ya nyuzi zake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Hewa hiyohiyo ikienda mbio huwa na tabia nyingine kabisa: huchukua jasho la ngozi, na jasho likikauka huondoka na joto. Basi tundu moja katika nguo laweza kufanya kazi mbili zinazopingana. Mvaaji akijitanda leso juu ya sweta ya matundu, hewa hutulia ndani ya kila tundu, naye hupata joto. Akiiondoa leso na kukaa upepeni, hewa hupita, naye huburudika. Sijui nguo nyingine nyepesi iliyo na utii wa namna hii.

Kiswahili kina neno zuri la kazi hii, nalo ni kimia. Mvuvi hulitumia kwa wavu wa kutupa kwa mkono, ule unaofunguka hewani kama mwavuli kabla ya kuanguka majini. Na fundi wa nguo hulitumia kwa kitambaa chepesi chenye vitundu vilivyopangwa. Wote wawili wamesema kweli. Itazame pia kofia ya mkono ya Lamu, namna ilivyotobolewa vitundu vidogo na kila kitundu kuzungushiwa uzi kwa sindano. Urembo ule hupitisha hewa kichwani, nao umewafaa watu wa nchi ya joto miaka mingi kabla hatujaanza kuagiza nguo za majira ya watu wengine.

Hapa namwona kijana wa kiume akitaka kugeuza ukurasa, kwa kuwa ameambiwa kwamba kufuma ni kazi ya wasichana. Asubiri kidogo. Mikono iliyofunga nyavu katika pwani yetu aghalabu ilikuwa ya wanaume. Na katika kisiwa cha Taquile, ndani ya ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wafumao kofia kwa sindano, na mvulana hujifunza kazi hiyo tangu utoto. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ufundi wa nguo wa kisiwa hicho kuwa urithi wa wanadamu wote. Sindano haiulizi aliyeishika ni nani.

Sasa nitakuonyesha tundu linavyozaliwa, maana bila ya kujua hilo hutaelewa kwa nini nimechukua kalamu.

Kufuma kwa sindano mbili ni kuvuta kitanzi kipya kupitia katika kitanzi cha zamani, basi. Kila kitanzi humshika mwenzake wa chini, na mwenzake wa juu humshika yeye. Mfumaji atakapo tundu hazikati nyuzi wala hazichomi. Huuzungusha uzi mara moja juu ya sindano, kisha hufuma kitanzi kinachofuata kama kawaida. Uzi ule uliolala juu ya sindano haukupita katika kitanzi chochote. Safu ijayo nao hufumwa kama kitanzi kamili, na chini yake hubaki uwazi. Uwazi huo ndio tundu. Lakini angalia: mfumaji alikuwa na vitanzi kumi, sasa anavyo kumi na kimoja. Akifanya matundu bila ya kujizuia, nguo itapanuka safu baada ya safu mpaka iwe hema. Kwa sababu hiyo kila tundu lina deni. Mahali pengine katika safu ileile sharti vitanzi viwili vifumwe pamoja viwe kimoja, ili hesabu irudi ilipokuwa. Tundu huongeza na muungano hupunguza. Aliyefanya tundu bila kulilipia ataonekana tu, hata kama itachukua safu kumi aibu hiyo kujitokeza.

Umbo ninalolipenda kuliko yote huitwa wimbi, nalo hufumwa juu ya vitanzi 18. Chukua karatasi uhesabu pamoja nami. Kwanza unaunganisha viwili viwili mara tatu: vitanzi 6 vimekuwa 3. Kisha unazungusha uzi na kufuma kimoja, unazungusha na kufuma kimoja, mara sita: vitanzi 6 vimekuwa 12. Mwisho unaunganisha tena viwili viwili mara tatu: vitanzi 6 vimekuwa 3. Tatu na kumi na mbili na tatu ni 18. Umetoka na ulivyoingia navyo, ila sasa nguo ina matundu sita. Safu mbili zinazotangulia ni laini, hazina jambo; na safu moja inayofuata hufumwa kinyume ili itoe tuta jembamba kama mchanga ulioachwa na maji yanayokupwa. Safu nne, kisha unaanza upya. Pale palipounganishwa vitanzi nguo huvutwa chini, na pale palipoongezwa husukumwa juu. Kwa hiyo nguo hujipinda yenyewe, na upindo wake huwa wa mawimbi bila ya mkasi kuugusa. Mara ya kwanza nilipoona jambo hilo nilicheka peke yangu kama mtoto.

Wimbi hili halikutoka Mombasa, ingawa linafanana na bahari yake. Lilitoka katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, mahali ambapo kiangazi ni cha ubaridi kuliko Julai ya Nairobi na jua la mwezi wa Juni huzama kwa muda mfupi tu. Huko, hasa katika kisiwa cha Unst, katika karne ya kumi na tisa wanawake walifuma shali za kimia kwa sufu laini kabisa, iliyonyonyolewa kwa mkono shingoni mwa kondoo na kusokotwa ikawa nyembamba karibu na unywele. Shali pana kama kimo cha mtu mzima iliweza kuvutwa yote ikapita ndani ya pete ya ndoa. Hao si mabibi waliokaa kitako penye dirisha. Mikoba ya fito mgongoni mwao ilikuwa imejaa mabonge ya udongo mweusi unaokaushwa na kuchomwa kama kuni, nao walitembea masafa na mzigo huo huku mikono yao ikifuma. Kiunoni walifunga mkanda wa ngozi wenye vitundu, na ncha ya sindano moja ikachomekwa humo ili isiyumbe wakiwa njiani.

Msomaji wa Machakos au Murang'a hahitaji kuelezwa zaidi. Amemwona bibi yake akitoka shambani, mzigo mgongoni, ukamba kichwani, na mikononi kiondo kisichokwisha kinasukwa hatua kwa hatua. Wanawake hawa wawili hawakupata kukutana, lakini wangekutana njiani wangetazamana mikono kabla ya kutazamana nyuso.

Mimi nilikuja kwenye kazi hii kwa haja, si kwa anasa. Mama yangu anakaa Mombasa. Baada ya maradhi marefu mwili wake ulipoteza uvumilivu wake wa zamani: mchana alilalamika joto kama kila mtu, lakini jioni, kusi inapovuma kutoka baharini, au usiku chini ya feni ya dari, mikono yake ilisisimka kwa baridi. Sweta ya sufu tuliyomletea kutoka bara ilimtoa jasho, na jasho lilipopoa likamzidishia baridi ileile tuliyotaka kuifukuza. Leso ilikuwa nyepesi, walakini haitaki kazi. Mtu akiinama kuchambua mchele huanguka begani, na Mama hakuwa tayari kukaa bila ya kazi ili leso isianguke. Haja yake ilikuwa nguo yenye mikono, inayokaa mwilini, inayopitisha upepo bila ya kuuachia wote. Ndipo nilipokumbuka kimia.

Nilichagua uzi mwembamba wa pamba. Sufu ina kunyumbuka. Ukiivuta hurudi, nayo humsamehe mfumaji mengi. Pamba haisamehi. Haivutiki, na ikiwa nene huwa nzito hata nguo ikajivuta yenyewe kuelekea magotini. Lakini pamba hunywa jasho, hufulika kwa urahisi, na haichomi ngozi ya mtu aliyedhoofika. Nikafuma kwanza kipande cha kupimia, kikubwa kidogo kuliko kiganja, nikakifua, nikakikausha, ndipo nikakiwekea rula. Watu wengi hudharau kipande hiki. Wanaona ni kazi ya bure, kwa kuwa hakivaliwi. Kipande changu kilionyesha vitanzi 20 katika sentimita 10. Kifua cha Mama kilikuwa sentimita 84. Nikaongeza 6 ili nguo isimbane, ikawa 90. Kwa hiyo nilihitaji vitanzi 180 kuuzunguka mwili wake, na 180 ukigawa kwa 18 ni mawimbi 10 kamili, bila baki. Hesabu hainyooki hivyo kila siku, na inaponyooka mfumaji huhisi ameonewa huruma. Lakini fikiri kama mkono wangu ungekuwa mlegevu, ukatoa vitanzi 18 tu katika sentimita 10. Vitanzi vilevile 180 vingezaa nguo ya sentimita 100, na Mama angeelea ndani yake.

Nilifuma kwa mviringo, juu ya sindano mbili fupi zilizounganishwa kwa uzi mnene wa plastiki, ili pasiwe na mshono ubavuni. Kila baada ya mawimbi manne nilipitisha uzi wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote 180, nikauacha humo. Uzi huo haufumwi. Ni mlinzi. Katika nguo nzito kitanzi kikitoroka unaweza kukifuata kwa kulabu ndogo na kukipandisha ngazi kwa ngazi. Katika kimia ngazi zimevunjwa kwa makusudi, na kitanzi kilichotoroka hupita katika matundu na miungano hata usijue njia aliyopita. Mwenye mlinzi hufumua mpaka pale uzi wa rangi ulipo, na hapo kila kitu kimesimama salama kinamngoja. Na kila baada ya safu ya matundu nilihesabu: 18, 18, 18, mara kumi. Jirani zangu walizoea kuniona midomo ikicheza bila ya sauti. Huenda walidhani ninasali, na pengine hawakuwa mbali sana na kweli, maana nilikuwa ninamfikiri mgonjwa.

Usiku mmoja Mama alirudishwa hospitalini, nami nikachukua kazi hiyo pamoja nami. Nilifuma kwenye benchi la nje ya wodi tangu saa mbili usiku mpaka alfajiri. Mikono ikiwa na la kufanya moyo hupata mahali pa kukaa. Siku ya nne akaruhusiwa kurudi nyumbani, na kiwiliwili cha sweta kilikuwa kimefika makwapani.

Kimia kinapotoka katika sindano hakipendezi, nakuonya mapema. Huwa kimekunjamana kama kitambaa cha kufutia meza, matundu yamefumba macho, na mwenye moyo mwepesi hukitupa pembeni. Kazi bado. Nililoweka sweta katika maji ya uvuguvugu, nikaikamua kwa kuibana ndani ya taulo, maana kuisokota kungeivunja umbo. Kisha nikatandika mkeka kivulini, juu yake shuka safi, nikailaza sweta, nikaivuta taratibu mpaka kipimo chake kikawa kile cha rula, na kila ncha ya wimbi nikaichoma pini isiyoshika kutu. Wale wa Shetland walizitandaza shali zao katika fremu za mbao kwa kusudi hilohilo. Maji yalipokauka na pini zikatoka, matundu yote yalikuwa wazi. Niliiinua kuelekea mlangoni, na nuru ikaanguka ukutani kwa mawimbi.

Mama aliivaa mwezi wa Agosti, kusi ikiwa katika nguvu zake. Hakusema maneno mengi. Aliinua mkono mmoja, akautazama, akauinua wa pili, kisha akaendelea kuchambua mchicha, na hakuna kilichoanguka begani.

Hapo barazani ndipo jirani mmoja alipoiona, akataka ya namna ileile kwa ajili ya binti yake. Akauliza bei. Nilipoitaja alishtuka.

"Dada," akasema, "ni nzuri, siwezi kukana. Lakini bei hii ni ya nguo nzima. Hii ni matundu matupu! Uzi uliotumia haufiki hata nusu ya ule wa sweta ya shule. Nipunguzie hayo matundu."

Kabla sijafumbua kinywa, Mama akajibu bila ya kuinua macho katika mchicha wake: "Mwanangu, nyumba yenye madirisha haiuzwi rahisi kuliko nyumba isiyo nayo."

Jirani alicheka sana, lakini hakuongeza hata thumni. Alikwenda zake, nami nikabaki na swali lake mkononi. Sikulikasirikia. Katika habari ya uzi alisema kweli tupu. Sweta ya Mama ilikuwa na uzani wa gramu 260. Kama bei ya nguo ni bei ya uzi wake, basi jirani yangu ndiye mwenye haki na mimi ni mlanguzi.

Basi nikatwaa karatasi nikahesabu kisichopimwa katika mizani. Kiwiliwili peke yake, tangu upindo hadi makwapani, kilikuwa na safu 112, kila safu vitanzi 180: jumla vitanzi 20,160. Safu za matundu zilikuwa 28, na kila moja ilikuwa na matundu 60. Hayo ni matundu 1,680, na kwa sababu kila tundu lina deni lake, miungano nayo ilikuwa 1,680. Mkono usio na haraka hufuma vitanzi 15 kwa dakika, yaani 900 kwa saa. Gawanya mwenyewe, msomaji: ni zaidi ya saa 22, nami bado sijahesabu mikono, shingo, kipande cha kupimia, wala siku ya pini. Matundu ndiyo yaliyokula saa hizo. Ningefuma nguo laini isiyo na tundu hata moja ningemaliza mapema zaidi, kwa uzi mwingi zaidi, na jirani angelipa bila ya kunung'unika.

Swali lake si geni duniani. Mwaka 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma mtu aitwaye William Guthrie kwenda Shetland kuchunguza namna watu wa huko walivyolipwa, na miongoni mwa waliotoa ushahidi walikuwamo wanawake wafumaji. Maneno yao yaliandikwa, na ripoti ipo hata leo. Walieleza kwamba walipopeleka shali kwa mfanyabiashara mjini Lerwick, yeye ndiye aliyetaja thamani yake, na malipo yake hayakuwa fedha. Walipewa chai, au kitambaa, au vitu vingine vya dukani mwake, kwa bei aliyoipanga yeye. Aliyehitaji unga wa kulisha nyumba yake ilimpasa atafute mtu wa kubadilishana naye chai. Wengine walipewa kijikaratasi tu cha kuonyesha kwamba wanadai. Shali zenyewe zilisafiri kwenda kupamba mabega ya mabibi wa miji mikubwa, ambao pengine walizivuta ndani ya pete zao mezani ili wageni wastaajabu. Nadhani hapana hata mmoja aliyeuliza matundu yale yalilipwa kwa kitu gani.

Sitaki kukudanganya kwamba dawa ni nyepesi. Mashine ya kufuma ilibuniwa na Mwingereza William Lee mwaka 1589, na kizazi chake cha leo hufanya kimia kwa kasi ambayo mikono haitaifikia kamwe. Nenda Kongowea, pekua katika marundo ya mitumba, utapata sweta ya matundu kwa bei ndogo kuliko bei ya uzi nilioununua mimi. Mwenye watoto watano na mshahara mmoja akiinunua hiyo, amefanya busara, wala mimi sina la kumlaumu. Tena usidhani kwamba nguo ya mashine haikuguswa na mtu. Yupo aliyeisimamia mashine, yupo aliyeunga mabega, na yeye pia ana saa zake ambazo hatukuziona tulipokuwa tukipunguziwa bei. Ninachokataa ni kile kipimo tu cha kuuza kazi kwa ratili. Sweta ya Mama ilipimwa kwa kifua cha Mama, mkono mmoja ukafanywa mpana kidogo kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa limevimba, na siku uzi utakapokatika mimi najua mahali pa kuushika. Hayo hayakuwa na uzani wowote katika mizani ya jirani yangu, na kama ningekubali kumpunguzia matundu, ningekuwa nimekubali kwamba hayapo.

Sikupunguza. Biashara ikavunjika, na kwa muda wa mwezi mzima tulisalimiana kwa adabu tu.

Kisha jioni moja akaja na binti yake, yule aliyetaka kumvisha. Msichana ana miaka kumi na mitano, yuko katika shule ya sekondari, na anaogopa hisabati, au ndivyo mama yake alivyoniambia mbele yake, jambo ambalo singependa afanyiwe mtoto yeyote. Mkononi alikuwa na sindano mbili za mianzi na bonge la pamba ya rangi ya samli. "Kama huuzi matundu kwa bei yangu," akasema jirani, "mfundishe huyu ayafanye mwenyewe." Niliona ni maneno ya haki. Nikamwambia ada yangu ni kuchambua mchicha wa Mama kila Jumamosi, naye akakubali kabla mama yake hajaanza kupatana.

Tulianza na vitanzi 36, mawimbi mawili, kipande cha kupimia. Jumamosi iliyopita, baada ya safu yake ya tatu ya matundu, alihesabu akapata 37. Hakunitazama. Alihesabu tena, akarudi nyuma kitanzi kwa kitanzi, akalikuta tundu moja karibu na mwisho ambalo halikulipiwa, akalifumua polepole kwa ncha ya sindano. Mama aliinua macho katika sinia akamtazama, kisha akasogeza taa karibu naye.